Wiski tano za Uskoti za bei nafuu, na ipi inakufaa wewe

Ukisimama mbele ya rafu ya pombe kali Nairobi au Dar es Salaam ukiwa na pesa ya chupa moja tu, tatizo si uhaba. Kuna chupa ya mraba, ya pembetatu, ya kijani, zote zimeandikwa Scotch, na bei zake zinapishana kwa noti moja au mbili. Lebo haitakusaidia sana. Swali la kujiuliza ni hili: utainywa kavu, kwa maji, kwa barafu, au utaitia soda ya tangawizi? Wiski inayopendeza ikiwa kavu inaweza kuzama kabisa ndani ya soda, na ile inayokwaruza koo ikiwa kavu mara nyingi ndiyo inayobaki na sauti yake hata soda ikijaa glasi.

Hapa tunalinganisha VAT 69, Ballantine's Finest, Grant's Triple Wood, Johnnie Walker Red Label, na Johnnie Walker Black Label, hii ya mwisho ikiwa ni kwa anayetaka kupanda ngazi moja. Jameson na Jack Daniel's hazimo kwa sababu si za Uskoti: ya kwanza ni ya Ireland, ya pili ni ya Tennessee, Marekani.

Unachonunua hasa

Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinataka wiski ya Uskoti ikenekwe Uskoti (yaani ivukizwe na mvuke upozwe uwe pombe kali), ilale hukohuko kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na iingie chupani ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli tu.

Ukizijua kanuni hizo, hutadanganyika kirahisi. Chupa inayojiita Scotch ilhali imeandikwa asilimia 37 au 38 si Scotch, iache. Iliyoandikwa 43 haina tatizo. Afrika Kusini kwa mfano, sheria yao inataka wiski iwe na asilimia 43, na chupa zilizopitia huko huonekana hivyo. Rangi nzito haithibitishi umri, maana karameli inaruhusiwa. Na maneno kama Finest, Old au Reserve hayana kipimo chochote kisheria. Chenye uzito ni umri: ukiona “12 years”, basi hata tone changa kuliko yote ndani ya chupa hiyo limekaa kwenye pipa miaka 12. Ile 69 ya VAT 69 si umri, tutaieleza mbele.

Zote tano ni mchanganyiko wa aina mbili za wiski. Wiski ya kimea hutokana na shayiri iliyooteshwa, ikakenekwa kwa mafungu katika vyungu vya shaba; ndiyo yenye ladha nzito. Wiski ya nafaka, aghalabu ngano au mahindi, hukenekwa mfululizo katika minara mirefu. Ni nyepesi, na gharama yake ni ndogo. Bei ya chupa inategemea kwa kiasi kikubwa uwiano wa hizo mbili na muda zilizokaa kwenye mapipa.

Vigezo, na namna ya kuonja kwa haki

Kila wiski tumeipa alama kati ya 20: 5 za harufu, 5 za ladha mdomoni, 5 za kinachobaki kooni baada ya kumeza, na 5 za namna inavyohimili kichanganyio. Bei tumeiweka nje ya alama kwa makusudi, kwa kuwa inabadilika kutoka mji hadi mji. Ipige mwenyewe kwa toti. Toti ya mililita 30 hutoka mara 8 kwenye kotaa ya mililita 250, mara 11 kwenye 350, mara 23 kwenye 700, mara 25 kwenye mzinga wa 750, na mara 33 kwenye lita ya uwanja wa ndege. Gawanya bei kwa idadi hiyo. Wengi hushangaa kuona jinsi kotaa wanayoiona rahisi inavyowagharimu kwa kila toti kuliko mzinga.

Ukitaka kuzipima mwenyewe kabla ya kuamini alama za mtu, toti tano za baa hazitakupa jibu. Tumia glasi ndogo za mvinyo, zenye tumbo na mdomo uliobana, zote za aina moja. Glasi ya toti iliyo wazi juu humwaga harufu yote hewani. Mimina mililita 15 kwa kila glasi, yaani vijiko vitatu vya chai. Mtu mwingine amimine na kubandika namba chini ya glasi, wewe usione chupa. Mtu akishaiona ile chupa ya Black Label, pua yake inaanza kutafuta ubora kabla hajanusa.

Joto ndilo linaloharibu majaribio mengi ya Pwani. Wiski iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 31 Mombasa hutoa mvuke wa alkoholi kwa nguvu mpaka pua inaungua na husikii kitu kingine. Weka chupa mlangoni mwa friji saa moja au zaidi, ishuke karibu na nyuzi 20, isiwe baridi ya kutoa jasho. Funika kila glasi kwa kisahani dakika tano. Kisha funua na unuse mdomo ukiwa wazi kidogo, pua ikiwa kwenye ukingo, si ndani ya glasi.

Onja kiasi kidogo, kisambaze ulimi mzima kwa sekunde tano, halafu meza au tema. Baada ya hapo tia kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye zile mililita 15 na urudie. Alkoholi inashuka kutoka asilimia 40 hadi 30, na harufu zinafunguka. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, ulionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezwa, guaiacol, mojawapo ya kemikali zinazoleta harufu ya moshi kwenye wiski, huelekea kukusanyika juu ya kimiminika, karibu na pua yako. Wachanganyaji wa viwandani hushusha zaidi, hadi asilimia 20 hivi, yaani maji sawa kwa sawa na wiski.

Maji yenyewe yawe ya chupa, au yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba lenye klorini na ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi Dar, yataharibu hata wiski nzuri. Kati ya glasi na glasi kula mkate mkavu, kunywa maji. Kachumbari yenye pilipili ingoje. Anza na nyepesi umalizie na yenye moshi, kwa sababu moshi ukitangulia hutasikia tena tofauti za zilizobaki. Na glasi tano za mililita 15 kwa pamoja zina mililita 30 za alkoholi tupu; ukizimeza zote, gari libaki pale lilipo.

VAT 69

Asili yake ni William Sanderson, aliyetengeneza michanganyiko ipatayo mia moja mwaka 1882, akawaonjesha wajuzi, nao wakachagua ya pipa (kwa Kiingereza, vat) namba 69. Jina likatoka hapo.

Puani ni nyepesi: vanila, nafaka tamu kama uji wa ngano, limau kwa mbali. Mdomoni ni tamu kidogo, nyembamba, haina moshi wa kutajwa, na baada ya kumeza inaondoka haraka. Ukiitia maji inakuwa kama haipo. Kwa soda nyeupe (maji ya gesi) na barafu inaburudisha, nayo haigombani na chochote unachoichanganyia. Kosa la kawaida ni kuinywa kavu ukitarajia hadithi. Haikutengenezwa kwa hilo.

Inamfaa anayehudumia watu wengi, wote wakichanganya, na anayeanza wiski akiogopa moshi. Alama: harufu 2, mdomo 3, kooni 2, kichanganyio 4. Jumla 11.

Ballantine's Finest

George Ballantine alifungua duka la vyakula Edinburgh mwaka 1827. Finest yenyewe ilianza 1910. Leo iko chini ya Pernod Ricard, na moyo wake ni wiski za kimea za Glenburgie na Miltonduff.

Harufu ndiyo nguvu yake. Asali, tofaa jekundu, maua, na ukiitia kile kijiko cha maji chokoleti ya maziwa hujitokeza. Katika bei hii ni vigumu kupata pua safi kuliko hii. Mdomoni ni laini, haichomi, ila haina mwili wa kutosha, na baada ya kumeza panabaki utamu mdogo wa maua basi.

Inapenda maji, kijiko kimoja kwa kila mililita 15, au soda nyeupe kwa kipimo cha moja kwa mbili. Usiitie kola. Karameli na sukari ya kola hufunika ile asali, ukabaki na kola yenye alkoholi, na hapo ulilipia harufu bure. Barafu nyingi nayo huifunga pua.

Inamfaa mtu wa kunywa polepole jioni, na anayekerwa na moshi. Alama: harufu 4, mdomo 3, kooni 3, kichanganyio 3. Jumla 13.

Grant's Triple Wood

Hii ni ya William Grant & Sons, kampuni ambayo bado iko mikononi mwa familia, haohao wenye Glenfiddich. Wiski yao ya nafaka hutoka Girvan, kiwanda walichokianzisha 1963. Zamani chupa hii iliitwa Family Reserve; ukikuta ya jina hilo kwenye rafu ya nyuma, ni ndugu yake wa zamani.

Jina Triple Wood lina maana ya kweli. Wiski imepitia mapipa ya aina tatu: mwaloni mpya usiowahi kutumika, unaoleta viungo, mwaloni wa Kimarekani, unaoleta vanila, na pipa lililokwisha kubeba bourbon (wiski ya Kimarekani) na wiski kabla, linaloleta utamu kama wa sukari guru. Puani utapata pea mbivu na vanila, ingawa dakika ya kwanza alkoholi hutangulia, kwa hiyo ipe muda. Mdomoni ndipo inapozishinda jirani zake wa bei hii: ina mwili, inatandaza ulimi, utamu wa kimea unakuja kabla ya viungo. Moshi upo, kidogo sana, mwishoni.

Ni chupa isiyochagua. Kavu inanyweka, kwa maji inanyweka, kwa kola au tangawizi haizami. Ukiiwekea barafu, tumia donge moja kubwa. Barafu iliyopondwa huyeyuka ndani ya dakika chache na kuigeuza maji matamu. Watu huikosea wakiifungua na kuihukumu papo hapo kwa ule mvuke wa kwanza. Ifunike, ngoja, onja tena.

Inamfaa anayetaka chupa moja tu nyumbani, na wageni wenye mazoea tofauti. Alama: harufu 3, mdomo 4, kooni 3, kichanganyio 4. Jumla 14.

Johnnie Walker Red Label

Hii ndiyo inayojulikana na kila mtu, na ndiyo inayosemwa vibaya bila haki. John Walker alianza na duka la vyakula Kilmarnock mwaka 1820. Majina Red Label na Black Label yalirasimishwa 1909. Red Label haina umri kwenye lebo, na uchanga wake unasikika. Lakini uchanga huo umekusudiwa.

Inuse: tofaa bichi, mdalasini, moshi mwembamba kama wa mkaa uliozimwa. Ionje kavu: pilipili manga inapanda ghafla ncha ya ulimi, kisha ukali unaoshuka hadi kifuani. Wengi huishia hapo na kusema ni mbaya. Sasa chukua glasi ndefu, ijaze barafu hadi juu, mimina mililita 30 za Red Label, kisha mililita 90 za tangawizi ya chupa iliyo baridi sana, ukiteremsha kwenye ukuta wa glasi ili gesi isikimbie. Koroga mara moja tu, toka chini kwenda juu. Kamua kipande cha ganda la chungwa juu yake. Ule ukali uliokuudhi umegeuka mgongo wa kinywaji: pilipili ya wiski inakutana na pilipili ya tangawizi, sukari inalainisha, na moshi unakuja nyuma ukiwa peke yake. Kinywaji kina alkoholi asilimia 10 hivi. Hakuna nyingine kati ya hizi tano inayofika hapo.

Kuna mambo matatu yanayoharibu glasi hiyo. La kwanza ni uwiano: toti moja kwenye chupa nzima ya soda, hapo wiski imekwisha. La pili ni soda ya joto, ambayo hupoteza gesi inapogusa barafu. La tatu ni barafu chache. Vipande viwili huyeyuka haraka kuliko glasi iliyojaa, na kinywaji kinakuwa chepesi kabla hujafika nusu.

Kwa maji matupu haipendezi. Maji huondoa moto lakini huacha uchungu kidogo.

Inamfaa mpenzi wa vinywaji virefu, hasa penye joto. Anayekunywa kavu atafute nyingine. Alama: harufu 3, mdomo 2, kooni 3, kichanganyio 5. Jumla 13.

Johnnie Walker Black Label

Mara nyingi bei yake hukaribia mara mbili ya Red Label, na sababu ipo kwenye pipa. Kila mwaka asilimia 2 hivi ya wiski huyeyuka kupitia mbao. Kwa miaka 12, zaidi ya sehemu moja ya tano ya pipa imekwenda hewani, na kiwanda kimelipia nafasi ya ghala muda wote huo.

Ndani yake mna wiski za Caol Ila na Talisker, zinazoleta moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa mabwawani unaokatwa, ukakaushwa na kuchomwa kama kuni ili kukausha kimea. Mna pia Cardhu, inayoleta utamu. Puani utapata zabibu kavu, vanila, moshi wa jikoni la kuni lililopoa. Mdomoni imejaa, haina ule mchomo wa Red, na moshi unabaki kooni dakika nzima. Kijiko cha maji huleta matunda mbele. Barafu huyarudisha nyuma na kuacha moshi. Kwa soda nyeupe ni nzuri sana. Kwa kola inahimili, ila unatupa ulichokilipia, maana miaka 12 ya pipa haisikiki chini ya sukari.

Asiyependa moshi haitamfaa hata akiambiwa ni ya heshima kiasi gani. Hili tunalisema kwa sababu ni chupa inayonunuliwa sana kama zawadi, na nyingine hukaa kabatini mpaka vumbi linajaa. Alama: harufu 4, mdomo 4, kooni 5, kichanganyio 4. Jumla 17.

Kabla hujalipa: je, ni yenyewe?

Chupa zinazojulikana ndizo zinazoghushiwa, kwa hiyo Red na Black ziangalie mara mbili. Kifuniko kisizunguke bila kukatika, na karatasi ya lebo isiwe na gundi iliyovimba pembeni. Linganisha kimo cha wiski na chupa nyingine ya aina hiyohiyo rafuni. Kenya, kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA. Tanzania, tumia Hakiki Stempu ya TRA. Chupa nyingi za soko letu zina kizibo cha plastiki shingoni kinachoruhusu kumimina na kuzuia kujaza. Kikiwa kimelegea au hakipo, rudisha. Ukiimaliza chupa yako, ikwangue lebo au uivunje, vinginevyo itajazwa tena na kumfikia mwingine.

Na usidhani ulimi utakuokoa. Methanoli huwezi kuitofautisha kwa ladha. Aliyekunywa akianza kuona ukungu, kuumwa kichwa vibaya na kutapika, hata saa 12 au 24 baadaye, apelekwe hospitali mara moja na aseme alichokunywa.

Uamuzi kwa hali yako

Una sherehe ya watu thelathini na meza ya soda: chukua VAT 69 kwa wingi, na Red Label mbili tatu kwa wale wa tangawizi. Kwa vinywaji virefu vya nyumbani, wikendi, Red Label peke yake inatosha, na kuongeza pesa hapo hakuleti faida.

Unataka kujifunza kunusa na kuonja, glasi moja baada ya chakula? Anza na Ballantine's na kikombe cha maji pembeni, kisha mwezi unaofuata nunua Grant's, uziweke pamoja. Tofauti ya pua na mwili utaielewa kwa jioni moja kuliko kwa kusoma.

Hujui wageni wako wanakunywaje: Grant's.

Unapenda moshi, na unakunywa kidogo kidogo: weka akiba ya Black Label. Toti mbili kwa wiki kutoka mzinga wa 750 zinakufikisha majuma 12. Isimamishe wima kabatini mbali na jua, na ikishabaki chini ya theluthi, imalize ndani ya miezi miwili hivi, maana hewa iliyojaa chupani huanza kuula ule moshi.

Ni zawadi? Muulize kwanza mke wake, au rafiki anayekaa naye baa, anakunywaje. Wa kola mpelekee Grant's. Wa maji, asiyetaka moshi, mpelekee Ballantine's ukitia mfukoni kilichobaki, au uongeze mpaka ufike Glenfiddich ya miaka 12, ambayo ni kimea kitupu cha kiwanda kimoja na haina moshi.